Election Day ni ya Arcadia

Umeuliza kama wimbo Election Day ni wa bendi ya Uingereza Duran Duran. Sauti ni ya Simon Le Bon, mwimbaji wa Duran Duran, kweli, ila bendi ni Arcadia. Mwaka 1985 wenzake wa Duran Duran, John Taylor na Andy Taylor, walikuwa na mwimbaji Robert Palmer kwenye bendi nyingine, The Power Station, wakipiga roki. Waliobaki, Le Bon, Nick Rhodes na Roger Taylor, wakaanzisha Arcadia. Wimbo ulifika namba 6 Marekani na namba 7 Uingereza. Usikilize kwa spika za masikioni: vinanda vya Rhodes vimetanda kama ukungu, kisha anaingia mwimbaji Grace Jones, haimbi, anazungumza tu kwa sauti yake nzito. Naipenda mno sehemu hiyo! Albamu ni So Red the Rose. Usiruke wimbo The Promise, mwimbaji Sting anaitikia humo.