Maswali na Majibu: Mhandisi, Saiti na Nyumba Yake

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa wahandisi ujenzi na kwa mmoja anayetaka kuwa mhandisi. Mengine yaliyoulizwa juu ya mishahara tumeyaacha, kwa sababu jibu la mahali pamoja halimfai msomaji wa mahali pengine.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya uhandisi ujenzi na nimepata nafasi mbili: moja katika ofisi ya wahandisi washauri, ambako nitasanifu majengo kwa kompyuta, na nyingine kwa mkandarasi anayejenga daraja mbali na mji. Wenzangu wananiambia kwamba anayeanzia saiti huishia saiti. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako hawakukudanganya kabisa, kwa maana mtu aliyekaa saiti miaka kumi bila kugusa hesabu za miundo hupata tabu kuzirudia, na waajiri wa ofisini wanalijua hilo. Ila wamesahau kukuambia kwamba upande wa pili nao una mtego wake, tena huo haupigi kelele: aliyekaa ofisini miaka kumi bila kukanyaga tope huchora vitu visivyojengeka, na hapati habari, kwa kuwa mafundi hurekebisha kimya kimya na kazi ikaendelea.

Mimi nilianzia ofisini. Katika mwaka wangu wa pili nilisanifu mahali ambapo boriti nne zinakutana juu ya nguzo moja, na nondo zote zikatoshea vizuri, kwa sababu kwenye mchoro nondo ni mstari tu usio na unene. Nilipopelekwa kukagua, msimamizi wa mafundi, mzee mpole, hakubishana nami; aliniomba tu nipitishe mkono katikati ya nondo hizo hadi chini. Mkono haukupita, sembuse kokoto na ile mashine ya kutetemesha zege. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, na bado zege lingeacha matundu pale pale penye mzigo mkubwa kuliko kote. Kwenye kompyuta nisingeliona jambo hilo kamwe.

Kwa hiyo ningependelea uende darajani kwanza, kwa miaka miwili au mitatu, lakini kwa sharti moja. Katika nchi nyingi shahada peke yake haikupi haki ya kuidhinisha michoro. Baada yake huja miaka kadhaa ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kumbukumbu za kazi zilizotiwa saini, na usaili. Kabla hujakubali, uliza kama huko darajani yuko mhandisi aliyesajiliwa atakayekusimamia na kuzisoma kumbukumbu zako. Ikiwa hayuko, nenda ofisini bila kusitasita, maana miaka mitatu isiyohesabiwa na bodi ya usajili ni ghali mno kwa kijana. Na ukienda saiti, omba michoro pamoja na hesabu zake, uwe unazirudia mwenyewe jioni, hata kama ni boriti moja kwa wiki. Kalamu isipotumika hukauka.

Usidhani pia kwamba njia ni mbili tu. Karl Terzaghi, aliyezaliwa mwaka 1883, alisomea uhandisi mitambo, akatumia miaka mingi kwenye kazi za ujenzi akiona misingi ikititia bila mtu kuweza kueleza sababu, kisha akawa mwalimu huko Istanbul na kufanya majaribio ya udongo kwa vifaa vya kuungaunga. Kitabu alichokitoa mwaka 1925 ndicho kilichoifanya elimu ya udongo kuwa tawi linalojitegemea la uhandisi. Mtu huyo asingeuliza maswali aliyouliza kama asingekuwako misingi ilipokuwa ikititia.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi mwenye umri wa miaka 34. Nasoma michoro vizuri na wahandisi vijana huja kuniuliza. Je, nimechelewa kuwa mhandisi?

JIBU: Hujachelewa, ndugu yangu, ila usitegemee kwamba ujuzi wa mikono utakusamehe hisabati. Thomas Telford, aliyezaliwa mwaka 1757, mtoto wa mchungaji wa kondoo, alianza kwa kuchonga mawe akiwa kijana mdogo. Mwaka 1826 daraja lake la minyororo la Menai, huko Wales, lilifunguliwa likiwa na urefu wa mita 176 kati ya minara, na tangu mwaka 1820 hadi kifo chake alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wahandisi ujenzi wa Uingereza. Lakini wakati wake usajili haukuwako. Wewe itakubidi upitie stashahada ya ufundi sanifu, kisha shahada, pengine kwa masomo ya jioni, na ukubali kukaa darasani na watoto wa watu wanaokuita mzee. Pima hesabu zako za sekondari kwanza. Hapo ndipo wengi wa umri wako hukwama, wala si kwenye zege.

SWALI: Mhandisi, mimi ni mhandisi wa barabara na mama wa mtoto wa miaka miwili. Nimepewa usimamizi wa sehemu ya mradi, na itanibidi niishi kambini na kurudi nyumbani kila baada ya wiki tatu. Mume wangu hakatai, ila mama mkwe anasema hiyo si kazi ya mwanamke mwenye nyumba. Wenzetu huishije?

JIBU: Dada yangu, nikikujibu kwa ukweli, wengi wa waliotutangulia hawakuishi vizuri. Huyo Telford niliyemtaja hapo juu hakuoa, na kwa zaidi ya miaka 20 alipokuwa London alikuwa mpangaji katika nyumba moja ya kahawa, akiitumia kama kituo kati ya safari moja na nyingine. Dorothy Buchanan, mwanamke wa kwanza kuingia katika chama kilekile cha wahandisi ujenzi wa Uingereza mwaka 1927 baada ya kufaulu mitihani yake, alikuwa amefanya kazi katika usanifu wa daraja la bandari ya Sydney; alipoolewa mwaka 1930 aliacha uhandisi. Taaluma yetu ilijengwa kwa kudhani kwamba mhandisi hana nyumba, au kwamba nyumba yake ina mtu mwingine anayeitunza, na dhana hiyo bado imo ndani ya ratiba za miradi hata pale ambapo hakuna anayeitamka.

Mama mkwe, kwa heshima zote, ameona shida iliyopo kweli lakini ameiweka mahali pasipo pake. Kumkosa mzazi humuumiza mtoto wa mhandisi mwanamume vilevile, tofauti ni kwamba baba haulizwi. Na kama hoja ni uwezo, mwambie habari za daraja la Brooklyn, huko New York. Mhandisi mkuu Washington Roebling alipougua mwaka 1872 kwa ugonjwa unaowapata wafanyao kazi katika hewa ya mgandamizo chini ya maji, mkewe Emily alijifunza uimara wa vifaa vya ujenzi na hesabu za nyaya, akawa anapeleka maagizo na kurudisha taarifa kwa miaka 11 hadi daraja lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Nyumba hiyo iliendesha saiti kutoka chumba cha mgonjwa, na saiti haikukosa mhandisi.

Sasa tushuke kwenye lako. Wiki tatu kambini si muda mdogo kwa mtoto wa miaka miwili, nami sitakudanganya kwamba simu ya video inaziba pengo hilo. Kabla hujakubali, dai mambo ya kuandikwa. Kwanza ni ratiba yenyewe: siku 21 kazini kwa siku ngapi nyumbani, na nani anashika nafasi yako ukiondoka, kwa sababu asipokuwako mtu aliyeteuliwa kwa jina, likizo yako itaahirishwa kila wakati lami inapoanza kumwagwa. Neno "tutaona" si ratiba. Uliza pia kama kambi ina nyumba za familia; mara nyingi zipo na hupewa anayeomba mapema. Tena angalia uko hatua gani ya mradi. Wakati wa kukata na kujaza udongo, hali ya hewa ndiyo bwana, na hakuna wa kukuhakikishia wikiendi. Wakati wa makalavati na mifereji kazi hupangika zaidi. Kama unaweza kuomba uingie hatua ile ya pili, omba. Mhandisi anayeomba hivyo ameusoma mradi kuliko anayenyamaza, na mwajiri mwenye busara huliona hilo.

Jambo lingine ni la nyumbani, na hapa naomba radhi kwa kuingilia. Mumeo kutokataa si sawa na kukubali. Keti naye mhesabu nani atamwamsha mtoto, nani atampeleka kliniki, nani atalala macho akipata homa, kama vile unavyogawa kazi kwa mafundi wako asubuhi. Mimi sikufanya hivyo nilipokuwa kijana. Nilirudi kutoka kwenye ujenzi wa bwawa baada ya miezi minne, mwanangu akajificha nyuma ya mama yake.

SWALI: Nina mwaka mmoja tu kazini. Mkandarasi ananisukuma niidhinishe zege limwagwe kabla sijamaliza kukagua nondo, na bosi wangu, aliye mji mwingine, ananiambia kwa simu niendelee. Nifanye nini?

JIBU: Usisaini. Mwaka 1907, huko Kanada, kijana aitwaye Norman McLure alikuwa mkaguzi kwenye daraja la Quebec kwa niaba ya mhandisi mshauri Theodore Cooper, ambaye alikuwa mgonjwa, akiishi New York, na hakufika pale hata mara moja wakati chuma kikipandishwa. McLure alipima vyuma vya chini, akaona vinazidi kupinda, akaandika, na mwishowe akasafiri mwenyewe hadi New York. Cooper alimwelewa mara moja, ila telegramu yake ilikwenda Pennsylvania kwa watengenezaji wa chuma, si kwa watu waliokuwa juu ya daraja. Jioni ile ya tarehe 29 Agosti daraja lilianguka na watu 75 wakafa. Kijana ndiye aliyekuwako, ndiye aliyeona, lakini hakuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi.

Wewe unayo, kwa sababu saini inayotakiwa ni yako. Nondo zikishafunikwa hakuna atakayeziona tena. Kumaliza ukaguzi ni kazi ya saa chache, kubomoa zege ni ya wiki. Mpelekee bosi wako picha na vipimo vya sehemu ulizokwisha kukagua, utaje kwa maandishi zilizobaki na saa utakayomaliza. Mkandarasi naye mpe saa hiyohiyo, ili asiite magari ya zege mapema kisha akuambie linaganda. Bosi akikuagiza tena uendelee, mwombe kwa adabu aliandike agizo hilo na kulitia saini. Wengi hubadili mawazo hapo hapo.