Maswali yenu kuhusu gharama za kutibu TB

Nasikia kumtibu mgonjwa wa TB Marekani ni maelfu ya dola, na kwingine dawa ni bure. Kwani si ugonjwa uleule?

Ni uleule, na dawa ni zilezile. TB ya kawaida hutibiwa miezi 6: miwili ya mwanzo kwa dawa nne, minne inayofuata kwa rifampisini na isoniazidi tu. Nchi nyingi hununua kwa pamoja kupitia Global Drug Facility, mpango wa kimataifa wa kununua dawa za TB, na dozi nzima ya mtu mzima huzigharimu dola 50 hivi au pungufu. Marekani, makadirio ya CDC, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa, kwa mgonjwa mmoja wa aina hiyo ni kama dola 20,000. Humo mna kulazwa, vipimo na mishahara ya wahudumu.

Binamu yangu yuko Uingereza na hana vibali. Akienda hospitali na TB atalipishwa?

Halipishwi. Kupimwa na kutibiwa TB huko ni bure kwa yeyote, awe na vibali au hana. Mwambie aende leo.

Kaka yangu ana TB sugu. Ni kweli dawa zake ni ghali mno?

Pole sana, ndugu yangu. TB sugu, yaani isiyosikia dawa za kawaida, dawa zake zilikuwa ghali kupita kiasi. Tiba ya zamani ilichukua hadi miaka 2, yenye sindano zilizowaacha wengine viziwi. Bedakwilini, dawa mpya ya TB sugu, iliidhinishwa Marekani Desemba 2012, na mwanzoni dozi ya miezi 6 iliuzwa dola 900 kwa nchi maskini na 30,000 kwa tajiri. Kampuni ya Johnson & Johnson inayoimiliki ilipoomba hataza nyingine India ili irefushe haki yake ya kuitengeneza peke yake, waliosimama kuipinga ni Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wanawake wawili waliopona TB lakini wakapoteza usikivu kwa sababu ya tiba. Machi 2023 ombi hilo likakataliwa. Mwaka huohuo bei kupitia Global Drug Facility ikashuka hadi dola 130. Nawaheshimu mno wanawake hao. Siku hizi wagonjwa wengi wa TB sugu hutibiwa kwa vidonge tu, miezi 6, kwa hiyo kaka yako aulize kama anafaa kupewa tiba hiyo fupi.

Dawa ni bure, mbona shemeji yangu alipougua TB amekopa mpaka basi?

Kwa sababu kinachofilisisha ni yale yanayozunguka dawa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa familia imeumizwa ikiwa ugonjwa umekula zaidi ya asilimia 20 ya kipato chake cha mwaka. Takribani nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB hufika hapo, na kwa TB sugu ni zaidi ya nne katika kila tano.

Hesabu huanza kabla hata ya kupimwa makohozi. Mtu anakohoa wiki kadhaa, ananunua dawa ya kikohozi, kisha antibayotiki, anapigwa eksirei, anatumwa kwingine, na kila mahali analipa. Akianza tiba, kuna nauli ya kliniki na siku za kibarua zilizopotea. Halafu njaa: mwili ukianza kupona hudai chakula kingi, na wa kukileta ndiye huyo aliyelala kitandani. India tangu 2018 humpa mgonjwa rupia 500 kila mwezi kwa ajili ya lishe, na Novemba 2024 ikapandisha hadi 1,000. Ni kidogo, lakini naona kila serikali ingepaswa kufanya hivyo. Kugawa vidonge na kumwacha mtu na njaa ni kazi nusu.

Nimemeza dawa miezi miwili, kikohozi kimekwisha na nauli inanishinda. Niache?

Usiache, tafadhali. Vimelea vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu, na hapo gharama hupanda kwa kila mtu: Marekani, TB sugu huzidi dola 180,000 kwa mgonjwa mmoja. Mweleze muuguzi waziwazi kuwa nauli huna. Omba upewe dawa za wiki kadhaa kwa mpigo, uhamishiwe kituo cha jirani, au upangiwe mhudumu wa afya wa kukufuata nyumbani.