Asidi Yangu Inazidi Kila Raundi, Nakosea Wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo form foo, Mpwapwa. Kwenye praktiko ya taitresheni (kudondosha asidi kwenye besi mpaka rangi igeuke) tuliweka asidi ya HCl ya 0.1 M (M ni kipimo cha ukolezi) kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye koki, besi ya NaOH ya 0.1 M tukapima sentimita za ujazo 25 kwa pipeti tukaitia kwenye flaski, indiketa (kionyeshi cha rangi) ni POP, yaani finofthalini. Jibu linatakiwa liwe kwenye 25 hivi ila mimi pailoti (raundi ya kwanza) nimepata 26.90, afu 26.40, 26.20 na 26.10. Na vyombo niliosha vizuri kabisa, bureti na pipeti kwa maji ya bomba, flaski nayo kila raundi naisuuza kwa maji afu namalizia na NaOH kidogo iwe safi. Mwenzangu anasema NaOH imeharibika.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako mwambie NaOH haina kosa. Ikiachwa wazi inavuta hewa ya ukaa na kugeuka kabonati, na kwa POP hapo asidi inayotumika inapungua, haizidi. Wewe yako inazidi, kwaio tutafute kwingine.

Angalia namba zako zinavyoshuka, 26.90 mpaka 26.10, huo mteremko ndo unaisema bureti. Uliiosha kwa maji ukajaza asidi juu yake, basi yale maji yaliyobaki ndani yakaizimua asidi, ikawa sio 0.1 tena, lazima imwagike nyingi ndo imalize besi, na kila ulipoongezea asidi mpya yale maji yakazidi kupungua ndo maana majibu yakawa yanashuka kidogokidogo (pailoti nayo huwa inapitiliza, ile ni ya kukisia tu, usiiweke kwenye wastani). Dawa yake ndogo tu, ukishaosha bureti kwa maji isuuze na asidi ileile utakayotumia, umwage, fungua koki ipite mpaka kwenye ncha, kisha ndo ujaze. Faneli uitoe, na yale mapovu ya hewa chini ya koki uyafukuze kabla hujasoma namba ya kwanza.

Sasa mbona namba zimegoma kwenye 26, hazifiki 25? Hiyo ni flaski. Ulipoisuuza na NaOH uliacha karibu sentimita moja ya ujazo ukutani, pipeti ikaongeza 25 zake, asidi ikakutana na 26. Asidi haijui ipi umepima na ipi umeisahau. Flaski inasuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa peke yake, na hata ikibaki na unyevu hamna shida, maana maji hayaongezi wala hayapunguzi besi uliyoidondosha. Pipeti ndo inasuuzwa na NaOH. Watoto wengi wanavibadilisha hivi viwili, na mimi naona kosa ni la kwetu walimu, tunawaambia "osheni vyombo" halafu basi.

Halafu hayo maji ya bomba. Maji ya visima huku kwetu kanda ya kati mengi ni ya chumvichumvi, birika zetu zote zina ukoko mweupe, na kinacholeta ukoko huo ni bikabonati ambayo inakula asidi. Kwa POP hutaiona sana, ila siku mkipewa kabonati ya sodiamu na indiketa ya MO (methyl orange) itakudanganya. Shule ikikosa maji yaliyotoneshwa, yapo yale ya kuongezea kwenye betri za gari yanauzwa sheli, ila muwe makini mno mnaponunua, ni ya kuongezea, SIO asidi ya betri.

Na usipulize tone la mwisho la pipeti, ligusishe tu ukutani mwa flaski. Limeshahesabiwa kubaki.

SWALI: Mwalimu, choya (yale maua mekundu ya juisi, rozela) inaweza kuwa indiketa? Kwetu Kondoa imejaa.

JIBU: Inaweza, tena inapendeza kuliko ya dukani! Kwenye asidi ni nyekundu, kwenye besi inaenda kijani. Tatizo rangi inabadilika polepole inapita kwenye zambarau, hupati tone moja la kusema hapa ndo mwisho kama POP inavyopoteza upinki ghafla, kwaio ya kuonyesha darasani sawa, ya kupimia hapana. Loweka makavu kwenye maji moto, chuja, tumia siku hiyohiyo. Na usitie sukari.