Tulimleta mzee Dar kwa nguvu, akatutoroka

Mkuu umesema mama yako ana sukari, yuko kijijini peke yake, kagoma kuja kukaa kwako na ndugu wanakwambia mbebe tu atazoea. Ngoja nikupe yaliyotukuta sie, maana hiyo "atazoea" tuliisema sana.

Baba yangu ni wa Marangu. Mama alifariki 2018 tukamzika palepale kihambani, shamba letu la nyumbani, kama ilivyo kwetu Wachaga. Kimila kitinda mimba ndo anabaki nyumbani na wazazi ila wetu yuko Geita mgodini huko, kwahiyo mzee akabaki na ng'ombe wake wawili. Ana presha na sukari, siku moja akaanguka akiwa anakata majani ya ng'ombe, basi watoto tukafanya kikao kwenye grupu la WhatsApp (yeye hayumo, ana kitochi) tukaamua ahamie Mbezi kwa dada. Ng'ombe tukauza. Hiyo ya ng'ombe hatukumwambia mpaka kashafika Dar, na ndo inaniuma mpaka leo kuliko yote.

Kwa dada hakukosa kitu. Chumba chake, tivii, anapikiwa bila chumvi, dawa anawekewa mkononi. Ila geti muda wote limefungwa, na laini yake dada akaichukua "asije akatapeliwa", yani hela tunayomtumia inaingia kwa dada, mzee akitaka hata mia tano ya kumpa mjukuu pipi anaomba. Mtu kasomesha watoto sita kwa kahawa! Kliniki nako daktari anamuuliza dada, mzee anakula? analala? na mwenyewe kakaa pale anaangalia ukuta. Miezi mitano ikapita, akawa haongei, chakula anaonja anaacha. Sie tukasema uzee huo, akili zinaanza kuondoka.

Asubuhi moja 2021 hayupo. Dada analia, polisi tumeenda, picha tumeshasambaza kwenye magrupu "mzee wetu mwenye tatizo la kumbukumbu amepotea". Saa sita mchana inaingia namba ngeni, ni yeye, kaazima simu ya abiria mwenzie, yuko Korogwe basi limesimama watu wale. Kumbe vihela alivyokuwa anapewa na wageni anaficha kwenye redio pale pa betri, akavizia geti limefunguliwa kwa ajili ya watu wa taka, akachukua boda mpaka stendi ya Magufuli na tiketi ya Moshi akakata mwenyewe. Dawa zake kabeba zote. Sasa huyo ndo wa kumbukumbu mbovu?

Nikamfuata kesho yake nikamkuta anapalilia kaburi la mama. Hakugombana. Kaniambia tu, "Kule nilikuwa ndizi mmeivundika, mnasubiri iive."

Ndo mara ya kwanza tukamuuliza yeye anataka nini. Alitaka laini yake, ng'ombe mmoja, na tukija tupige simu kwanza, haha. Na sie tukaomba ya kwetu: kuna kijana wa jirani tunamlipa, analala nyumba ndogo, asubuhi anampima sukari ananitumia namba. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hajaacha, kapunguza, kibuyu kimoja Jumapili akitoka ibadani.

Sikudanganyi kwamba imeisha vizuri. 2023 aliteleza bafuni akavunjika mkono, dada akanipigia akauliza neno moja, "Umefurahi?" Sikuwa na jibu na mpaka leo tunaongea kwa shida. Mzee mwenyewe na plasta yake aligoma kuondoka.

Kwa mama yako, kama kweli anaunguza sufuria na kupotea njia anayoijua, hiyo kesi nyingine, mpeleke apimwe, usimpime kwenye grupu kama sie. Ila kama ni kugoma tu, nenda kakae naye hata wiki moja uone siku yake inaendaje na nani anampitia, halafu muulize. Akienda hospitali mwache ajibu mwenyewe. Na usiuze kitu chake chochote, hata kuku.

Chumba cha mzee Mbezi bado kipo. Dada anawekea mikungu ya ndizi mshare ambayo mzee anaituma kwa basi kila mwisho wa mwezi, halafu jioni mzee anapiga kwa laini yake kuuliza kama imefika.