Barua kwa mwanangu: nikatwe tezi ya shingo au nimeze dawa ya mionzi?

Mwanangu Rehema,

Hapa Tabata hatujambo, baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma. Vidonge vya tezi umemeza mwaka na nusu, ukaachishwa, na sasa moyo umeanza tena kwenda mbio, mikono inatetemeka na unakonda ilhali unakula. Daktari wako wa Dodoma amekupa njia mbili, upasuaji au madini joto yenye mionzi, nawe unaniuliza ningekuwa wewe ningechagua ipi.

Ningechagua upasuaji. Ila si mwezi huu.

Ugonjwa huu wa Graves, wa tezi ya shingo kutoa homoni kupita kiasi, una tabia hiyo ya kurudi. Wanaoachishwa vidonge baada ya miezi 12 hadi 18, karibu nusu yao hurudiwa, na wenye rovu kubwa, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kama lako ndio hasa. Ile ya mionzi siipingi, hata hapa hospitali ya Ocean Road wanaitoa, na raha yake ni kwamba unameza tu, hakuna kisu. Lakini wewe na mumeo mnataka mtoto. Ukishaimeza utaambiwa usishike mimba kwa angalau miezi sita, na homoni zenyewe zinaweza kuchukua miezi kadhaa kutulia. Tena macho yako yameshaanza kutoka, na mionzi huweza kuyazidisha. Kama rovu lingekuwa dogo, macho mazuri, na habari ya mtoto imeshapita, ningekuandikia barua nyingine kabisa.

Kwa nini si mwezi huu? Kwa sababu homoni zako ziko juu. Mgonjwa akikatwa katika hali hiyo anaweza kupata dhoruba ya tezi: homa kali, moyo kukimbia hovyo, kuchanganyikiwa, na watu hufa nayo. Miaka yote niliyofanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa mgonjwa wa namna hiyo. Ndugu walinuna, lakini alikuwa na haki. Kwa hiyo utarudi kwenye carbimazole, vidonge vya kushusha homoni za tezi, kwa wiki kadhaa mpaka vipimo vikae sawa, pamoja na propranolol ya kutuliza moyo. Zikibaki siku kama kumi, wengi hupewa matone ya Lugol, ambayo ni madini joto ya kunywa, ili damu inayopita kwenye tezi ipungue na daktari asikate penye dimbwi. Na ukiwa kwenye carbimazole ukapata homa na koo kuuma, usinunue dawa ya mafua ukalala. Acha vidonge, nenda siku hiyohiyo upimwe chembe nyeupe za damu.

Sasa sauti, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo. Mwalimu bila sauti ni mkulima bila jembe. Nyuma ya tezi, kila upande, unapita mshipa wa fahamu mwembamba unaoendesha nyuzi za sauti. Ukivutwa, sauti hukwaruza kwa wiki au miezi kisha hurudi. Ukikatika, ukwaruzo unaweza kubaki. Kwa mikono iliyozoea, madhara ya kudumu huwapata karibu mtu mmoja katika mia. Nasisitiza mikono iliyozoea. Muulize daktari bila haya anafanya tezi ngapi kwa mwaka, na kama ni chache mno, mwombe rufaa uje Muhimbili. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Omba pia nyuzi za sauti ziangaliwe kwa kamera kabla na baada.

Kuna na vitezi vinne vidogo vilivyojishikiza nyuma ya tezi, ambavyo ndivyo vinavyolinda kalisiamu mwilini. Vikishtuka, utasikia ganzi mdomoni na vidoleni, au misuli kukaza. Mwambie muuguzi mara moja, usingoje raundi ya asubuhi. Wengi hupewa vidonge vya kalisiamu kwa muda na mambo hutulia, wachache huvihitaji maisha yote. Ninachokiogopa zaidi ni usiku wa kwanza: damu ikivuja ndani, shingo huvimba na pumzi hubana. Ndiyo maana nataka nikae hospitalini usiku ule, hata kama watanifukuza kwenye korido.

Shangazi yako wa Mbagala anasema anayetolewa tezi hugeuka zuzu. Usimcheke. Mwaka 1883, Theodor Kocher wa Bern, bingwa wa kukata tezi aliyekuja kupewa Nobel mwaka 1909, aliandika kwamba wagonjwa wake aliowatoa tezi yote walidhoofika mwili na akili ikazubaa. Wakati huo hapakuwa na cha kuziba pengo. Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimdunga mama mmoja ambaye tezi yake ilikuwa haifanyi kazi maji ya tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Siku hizi pengo linazibwa na kidonge cha levothyroxine, homoni ya tezi iliyotengenezwa, kimoja kila asubuhi, maisha yote. Kimeze kwa maji matupu, chai isubiri nusu saa hadi saa nzima, na kalisiamu au vidonge vya damu vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne. Baada ya wiki sita hivi utapimwa ili dozi irekebishwe. Hapo ndipo mipango ya mtoto ianze, siyo kabla. Ukishika mimba, wahi kliniki mapema kwa sababu dozi huhitaji kupanda, na uwaambie uliwahi kuugua Graves hata kama tezi haipo tena, kwani kingamwili zake zinaweza kubaki kwenye damu na kumfikia mtoto.

Kovu litakuwa mstari chini ya shingo. Mtandio utalifunika, usipoteze usingizi kwa hilo.

Muulize daktari kama bima yako inalipia upasuaji huo Muhimbili, au ni lazima rufaa iandikwe kwanza huko Dodoma. Majibu ya TSH na T4, vile vipimo vya homoni za tezi, yakitoka, yapige picha unitumie. Yakikaa vizuri kabla shule hazijafungwa, tutaomba tarehe ya wiki ya kwanza ya likizo, ili urudi darasani ukiwa umeshapumzika.

Mama yako