Nasaba ya Kiganda hadi miaka ya 1400

Ukitaka kufuatilia nasaba yako ya Kiganda hadi miaka ya 1400, karatasi hazitakufikisha huko, ndugu. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki 1879, kwa hiyo madaftari ya ubatizo ya makanisa makuu ya Namirembe (Waprotestanti) na Rubaga (Wakatoliki) yatakupa labda babu wa babu yako, basi. Kabla ya hapo chanzo ni midomo ya watu wa ukoo.

Anza na kulanya, yaani kutaja nasaba yako: jina lako, la baba, la babu, kisha matawi ya ukoo kutoka dogo hadi kubwa: oluggya, olunyiriri, omutuba, essiga, hadi mkuu wa kika (ukoo wote). Mimi nilikwama kwenye omutuba mpaka mzee mmoja kijijini akanionyesha makaburi ya butaka (ardhi ya asili ya ukoo), na hapo majina matatu yakajitokeza kwa mkupuo. Nenda mapema, wazee hawangoji.

Ukipata jina la zamani, uliza aliishi enzi za Kabaka (mfalme wa Buganda) gani, halafu linganisha na orodha ya wafalme aliyoichapisha Apolo Kaggwa, waziri mkuu wa Buganda, mwaka 1901. Ila miaka ya wafalme wa mwanzo ni makadirio tu, na masimulizi huruka vizazi. Anayekuuzia mti wa ukoo wenye tarehe kamili za 1400 anakula hela yako.