Jarari na Kamba za Kupunguzia Tanga Zikae Pamoja

Nimelelewa kwenye mashua, ambako kamba ni chache na kila moja ina jina lake: henza na jarari za kutweka, yaani kupandisha tanga, baraji za kuongoza foromali, ule mti unaobeba tanga, demani ya kushikia tanga. Kwenye yoti ndogo niliyoanza kuiendesha Kilifi nilikuta kamba nane, zote nyeupe, nikadhani shida ni wingi wake. Sivyo. Shida ni kwamba jarari ya tanga kubwa ilifungiwa mlingotini, na kamba ya kupunguzia tanga, yaani kulifanya dogo upepo ukizidi, ikaishia kwangu, penye usukani.

Julai moja, kusi limekaza, mwenzangu akaenda mlingotini kushusha jarari. Upepo ukameza sauti yake. Nikavuta kamba yangu kabla pete ya goshi, ile ya ukingo wa tanga ulio upande wa mlingoti, haijaingia kwenye ndoana yake mlingotini, tanga likapasuka shibiri tatu nzima. Jambo hilo liliniuma sana.

Kazi yenyewe ya kupunguza tanga ina mfuatano mmoja, na ndio unaokuambia kamba zikae wapi. Kwanza ule mti wa kulala chini ya tanga ushikwe na kamba yake itokayo kileleni, usije ukamwangukia mtu. Legeza demani. Teremsha jarari mpaka pete ya goshi ifike chini, ishike hapo, kisha kaza jarari tena kwa nguvu. Ndipo uvute kamba ya nyuma, ile ya kupunguzia tanga, mpaka tanga lilale juu ya mti, halafu urudishe demani.

Basi nikaiondoa ndoana, goshi nayo ikapata kamba yake. Zote tatu sasa zinapita kwenye kapi chini ya mlingoti, juu ya paa la chumba, hadi winchi moja ya kukazia kamba: jarari ndani, goshi katikati, ya nyuma pembeni, kila moja na rangi yake. Kapi zinakula nguvu kidogo, lakini mtu mmoja anamaliza kazi bila kusogea.

Nyaya zinazoshika mlingoti hazihamishwi. Kagua tu pale waya unapoingia kwenye chuma chake, maana nyuzi huanza kukatika hapo.

Jambo dogo ninalolipenda kuliko yote: nimeshona uzi mnene kwenye jarari. Nikiteremsha tanga usiku, uzi ukigusa kibano kinachoishika kamba hiyo najua goshi imefika mahali pake, nao vidole vinauona bila taa.